Ya Saba Katika Uzi

Kambi Muru, Kibra
Jumatatu, 13 Machi 1950

Daftari hili nimelipata ofisini. Lililowa pembeni, karani mkuu akataka kulitupa. Nitaandika humu mpaka masika yaishe.

Leo Bwana Latham amekuja kukagua nyumba za Kibra. Mimi ndiye mkalimani wake, kwa hiyo nimetembea nyuma yake katika mtaa wangu mwenyewe kama mgeni. Mwenye hati ya shamba kutoka jeshini anapakwa chokaa mlangoni. Asiye nayo anapakwa rangi nyekundu, na nyumba yake itabomolewa. Serikali inataka ardhi.

Tulipofika kwetu sikuwa na cha kuonyesha. Hati ya marehemu babu ililiwa na mchwa ndani ya sanduku kabla sijazaliwa. Mpaka rangi akainua brashi yake. Mke wangu Batul alisimama mlangoni na mtoto wetu Saadia kiunoni, akinitazama mimi badala ya kumtazama mzungu.

Ndipo Habuba akatoka jikoni. Habuba ndilo neno letu Wanubi la nyanya. Jina lake Zeinabu, mama wa baba yangu aliyefia vitani Burma. Shingoni alikuwa amevaa ule uzi wake wa sarafu saba, ambao havui ila akioga. Bwana Latham akavua kofia. Nilidhani anamwamkia. Kumbe alikuwa anatazama shingo.

"Mwambie asiondoke," akaniambia kwa Kiingereza. Akainama, mikono nyuma, kama mtu anayechungulia kisima.

Kisha akasema, "Nyumba hii tuiache kwanza."

Brashi ikashuka.

Jumatano, 15 Machi

Bwana Latham ameniita chumbani kwake na kunifungulia kitabu kikubwa chenye picha za sarafu. Sita za Habuba, kasema, ni riyali zenye kichwa cha mwanamke, na kila duka la vito la Wahindi unazipata. Lakini ile ya saba, ile ndogo yenye maandishi ya Kiarabu na kingo mbovu, ilipigwa Sudani zaidi ya miaka sitini iliyopita, kwa miezi michache tu, kisha wenyewe wakaziyeyusha. Anajua tano tu duniani, zote kwenye majumba ya makumbusho. Haziuzwi kwa bei yoyote.

"Nimeitafuta miaka kumi na minane, Nasir."

Atatoa shilingi mia tisa. Halafu, akifunga kitabu, akasema, "Faili la nyumba yenu liko hapa mezani."

Mambo hayo mawili aliyasema mbalimbali. Mimi ndiye niliyeyaunganisha.

Jumamosi, 18 Machi

Nimemwambia Habuba. Alikuwa anasuka kawa, ukili wa rangi nyekundu mdomoni. Nyumbani tunasema Kinubi, lakini akitaka neno liishe hulisema kwa Kiswahili.

"Hauzwi."

Nikacheka. "Habuba, sarafu haiuzwi. Hauzwi ni mtu."

"Nimesema hauzwi."

Akaendelea kusuka. Nikamweleza habari ya rangi nyekundu, ya Saadia, ya mvua inayokuja na watu wasio na pa kulala. Akasikiliza yote.

Wazee wana ukaidi ambao vijana ndio wanaoulipia.

Jumatano, 22 Machi

Vumbi.

Jumapili, 26 Machi

Bwana Latham amekuja kwa miguu na ratili mbili za sukari na kioo chake cha kukuzia. Habuba akakubali atazame, lakini asiguse. Alipiga magoti juu ya jamvi. Akayasoma maandishi ya sarafu kwa sauti, kwa Kiarabu cha kujikwaa, na Habuba akamsahihisha. Wakacheka wote wawili. Sikutegemea.

Akaniambia nimuulize kama atauza. Habuba akanijibu kwa Kinubi, "Mwambie ameshaiona, inatosha. Akirudi, arudi kwa ajili ya chai."

Nikamgeukia Bwana na kusema kwa Kiingereza, "Anasema bado anafikiri."

Miaka minne nimekuwa mkalimani. Ni mara ya kwanza kugeuza neno la mtu.

Alhamisi, 30 Machi

Leo Nairobi imetangazwa kuwa jiji. Bendi ya jeshi imepita mjini, bendera kila mahali. Ofisi ilifungwa saa sita.

Jumatatu, 3 Aprili

Mvua. Mara moja, bila manyunyu ya kubisha hodi.

Jumapili, 9 Aprili

Mvua. Bwana amekuja tena, matope mpaka magotini. Safari hii ameuliza habari za mguu wa Habuba na kumletea dawa ya kuchua. Si mtu mbaya. Nimefanya kazi na mabwana wanaopiga watu viboko. Huyu huomba radhi akimkanyaga paka. Hana mke, na nasikia nyumbani kwake hakuna kitu ila makabati ya sarafu.

Habuba kakataa tena. Mimi nikasema, "Anataka muda kidogo."

"Nitasubiri," akajibu, "lakini orodha ya nyumba siwezi kuizuia baada ya mwezi wa tano."

Jumanne, 11 Aprili

Ukuta wa jikoni umelowa. Batul ameukinga kwa magunia.

Alhamisi, 20 Aprili

Leo wamebomoa nyumba ya Mzee Abdulrahman, jirani yetu wa pili. Alipigana Tanganyika katika vita vya kwanza. Nishani anazo, hati hana. Mimi ndiye niliyetumwa kumsomea amri. Nilisimama kwenye mvua nikamwambia mtu aliyenifundisha kutawadha kwamba ana nusu saa ya kutoa vyombo.

Akamwambia mkewe, "Zeinabu ana mjukuu mwenye sauti nzuri."

Kuta za udongo mbichi hazianguki kwa kishindo. Zinakaa chini tu, kama ng'ombe aliyechoka. Mpaka jioni walikuwa wamehamia kwa binti yao kule Makina. Nilikwenda kusaidia kubeba kitanda, wakakibeba wenyewe.

Nimerudi, nikamwambia Habuba, "Umeona? Sisi ndio tunaofuata."

"Nimeona," akasema. "Nimeona na nani aliyesoma."

Jumatatu, 24 Aprili

Mvua. Batul ananiuliza kama faili bado liko mezani. Nikamwambia lipo.

Ijumaa, 28 Aprili

Mvua.

Jumatano, 3 Mei

Habuba ana homa kali. Anatetemeka mpaka kitanda kinalia. Batul amemvua uzi ili ampanguse kwa maji, akautundika kwenye msumari juu ya kitanda. Ni mara ya kwanza kuuona bila shingo yake.

Ijumaa, 5 Mei

Niandike kama ilivyokuwa.

Batul alikwenda mferejini na Saadia. Habuba amelala, anaongea na watu wasiokuwapo. Nikautoa uzi msumarini, nikafungua fundo, nikaivuta ile ya saba, nikafunga tena. Nilikuwa nimevaa suti ya ofisi. Niliitia mfukoni pamoja na leso na kalamu, nikaenda kazini kama siku zote.

Bwana Latham aliipokea kwa mikono miwili. Aliuliza mara moja tu, "Amekubali?" Nikasema, "Amekubali." Akanitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika, kisha akateremsha macho kwenye sarafu. Nadhani alijua. Nadhani alitaka sana asijue.

Kabla ya saa kumi hati ya nyumba ilikuwa imetiwa sahihi, na shilingi mia tisa ziko mfukoni mwangu.

Jumamosi, 6 Mei

Nimempa Batul hati. Amelia kwa furaha, kisha akatazama msumari. Akahesabu kwa macho. Akaniwekea chakula.

Jumapili, 7 Mei

Homa imeshuka. Habuba amekunywa uji. Hajaomba uzi wake.

Jumanne, 9 Mei

Mama Gathoni amekuja kutoka Kawangware na kiroba cha viazi vitamu. Yeye na Habuba ni marafiki tangu kabla sijazaliwa: huyu huleta viazi na maharagwe, yule humpa kawa na vikapu, na huzungumza kwa Kiswahili chao mpaka jua linashuka. Mumewe ni Kihara, mwenye shamba kule bondeni.

Alikaa karibu na kitanda akimshika mkono. Akauona uzi msumarini. Akatoka nje, akanikuta napasua kuni.

"Nasir, iko wapi ile ndogo?"

Nikamwambia imekatika, nimeipeleka kwa fundi. Mama Gathoni si mtu wa kudanganywa na kijana aliyemwona akinyonya. Alikaa juu ya gogo, kitambaa chake cha kichwa kinatiririka maji.

"Wewe unajua hiyo ni kitu gani?"

"Ni sarafu ya zamani."

"Nyanya yako hakukwambia?"

"Hakuniambia."

"Hawezi kuambia mtoto wake. Hata mimi watoto yangu sijawaambia yangu." Akakamua kitambaa chake. "Mama yake Zeinabu aliuzwa. Sokoni, huko Sudani, kando ya ule mto mkubwa. Alikuwa msichana tu. Babu wa baba yako, yule askari, ndiye alimnunua. Bei ilikuwa hizo saba. Sita kubwa, na moja ndogo kwa sababu mwenye kuuza alisema bado haijatosha."

Shoka lilikuwa mkononi mwangu. Sikumbuki kuliweka chini.

"Sasa siku chache baadaye askari wakavamia kambi ya yule mwuzaji. Huyo babu yenu akatafuta pesa yake, akapata zote saba. Akatoboa, akatia uzi, akamvalisha msichana shingoni. Akamwambia: bei yako ikae kwako. Mtu asiyeshika bei yako hawezi kukuuza. Baada ya hapo akamwuliza kama anataka kuolewa. Alimwuliza, Nasir. Zeinabu husema hapo ndipo mama yake alilia, si siku ile ya soko."

"Kwa nini akuambie wewe?"

"Kwa sababu mimi pia nilipelekwa. Mwaka wa ile njaa kubwa, nikiwa mdogo kama mtoto anayechunga mbuzi. Baba alinipeleka kwa Wamasai, akarudi na kondoo wawili. Kondoo waliokoa ndugu zangu, sina neno. Nilirudi nikiwa mtu mzima. Lakini mimi najua niligharimu kondoo wawili. Nyanya yako aliniambia, dada, wewe hukuachiwa hata kamba yao."

Hapo ndipo nilipoelewa neno la Habuba. Hakukosea Kiswahili. Hauzwi. Alikuwa anasema habari za mtu.

Jumatano, 10 Mei

Nimekwenda kwa Bwana Latham na zile shilingi mia tisa, zote. Nikamwambia kweli: kwamba Habuba alikataa kila mara, kwamba maneno niliyageuza mimi, kwamba niliiba. Kisha nikamweleza ile sarafu ni nini.

Alisikiliza bila kunikatiza. Macho yake yalilowa, nimeyaona. Halafu akavuta kijikaratasi kigumu, akaanza kuandika.

"Alinunuliwa mwaka gani, waweza kukisia? Na jina lake?"

Nikamuuliza anaandika nini.

"Historia yake. Sarafu yenye historia, Nasir, ni kitu cha pekee kabisa. Ni lazima ihifadhiwe."

Nilikuwa nimempelekea kitu cha kumzuia, nikawa nimemwongezea hamu. Nikamwambia jina silijui. Na ni kweli, silijui. Aibu ilinishika papo hapo. Nikaomba tena anirudishie. Akasema hakunipa rushwa, hati imetolewa kwa haki, mauzo ni mauzo, na mia tisa ni zangu. Alisema kwa upole. Upole ule nilikuwa nikiupenda.

Alhamisi, 11 Mei

Nimemwambia Habuba, nimepiga magoti, Batul akiwa pembeni. Mama Gathoni alikuwa amelala kwetu kwa ajili ya mvua.

Habuba hakunitukana. Aliniuliza jambo moja tu: "Mwezi wa tatu ulimwambia nimesemaje?"

Nikamwambia.

Akafunga macho. Kisha akamwambia Batul, si mimi, "Nipe gurbaba yangu." Batul akamfunga nguo ile kwa heshima kama anayekwenda harusini, akamvika uzi wenye sita. Akanyosha mkono nimpe pesa. Nikampa. Hakunitazama.

Mgonjwa wa jana kaenda mjini kwa miguu. Mama Gathoni upande huu, Batul upande huu, mtoto mgongoni kwa Batul. Mimi nyuma na mwavuli. Nilijaribu kumkinga, akaongeza hatua.

Ofisini makarani walisimama. Bwana Latham naye akasimama. "Nasir, mwambie akae."

Habuba akainua mkono kunizuia. Akasema kwa Kiswahili, taratibu, "Leo nasema mwenyewe. Bwana unasikia Kiswahili?"

"Kidogo, mama."

"Kidogo kinatosha. Mama yangu alinunuliwa kwa hizi." Akashika uzi. "Baba yangu alimrudishia. Mama akanipa mimi. Wewe umenunua kwa mtu asiye na cha kuuza. Pesa yako ni hii. Nipe mzazi wangu."

Akaziweka noti mezani. Zilikuwa zimelowa.

Bwana Latham akasema, "Mama, mimi nitaitunza. Vizuri sana. Nyumbani kwako kuna moto, kuna mwizi, kuna mvua. Kwangu miaka mia ikipita, watu watakuja kuiona."

"Watakuja kuona nini?"

"Sarafu."

"Basi hawatakuwa wameona kitu."

Mvua tu juu ya bati. Nilitegemea aite askari. Badala yake akakaa, akafungua mtoto wa meza. Sarafu ilikuwa imelazwa juu ya kitambaa cheusi na kile kijikaratasi pembeni. Akaisukuma mezani.

"Na hiyo karatasi," Habuba akasema. Kisha akamgeukia Batul, kana kwamba mimi sipo. "Mwambie mumeo asome."

Nikasoma. Kilikuwa kimeandikwa: Thamani ya mtumwa wa kike mmoja.

Habuba akakichukua akakikunja mpaka kikawa kidogo kama punje, akakifunga kwenye pindo la nguo yake.

Ijumaa, 12 Mei

Habuba hajasema nami.

Jumanne, 16 Mei

Hajasema nami. Homa haijarudi, alhamdulillahi.

Jumatatu, 22 Mei

Nimeachishwa kazi kwa kuvunja uaminifu. Sina cha kubisha. Pamoja na barua hiyo imekuja nyingine: hati ya nyumba ilitolewa kimakosa, imefutwa, tuhame kabla ya kumi Juni. Sahihi si ya Bwana Latham. Ni ya mkubwa wake.

Batul aliisoma mara mbili. Nikamwambia, "Lia tu."

"Nililia siku uliyoileta hati," akasema. "Hii sasa ni karatasi."

Nimeishi naye miaka mitatu nikidhani ni mwoga.

Ijumaa, 26 Mei

Mama Gathoni amekuja na mumewe, Mzee Kihara. Mzee si msemaji. Alitembea kuizunguka nyumba, akagusa nguzo, akasema, "Hizi miti ni nzuri bado. Tukizing'oa pole pole zitasimama tena. Iko mahali kwangu, juu ya mto."

Habuba akamwambia sisi si kabila lake wala dini yake, majirani watasema.

"Watasema," Mzee Kihara akajibu. "Wakichoka watanyamaza."

Jumamosi, 3 Juni

Tumeibomoa nyumba sisi wenyewe. Mzee Abdulrahman alikuja bila kuitwa akashika upande wa pili wa boriti yangu. Tulibeba kimya mpaka barabara ya Ngong. Hapo akasema, "Inua juu kidogo, utaumia bega."

Habuba hajasema nami.

Alhamisi, 8 Juni

Kawangware. Tumekandika kuta mbili. Udongo wa huku ni mwekundu zaidi na unashika vizuri. Wangoi, jirani wa upande wa chini, alituchungulia siku tatu. Leo kaleta maji.

Jumapili, 11 Juni

Manyunyu. Namsikia Habuba akicheka na Saadia nyuma ya ukuta. Nikiingia, anaacha.

Ijumaa, 16 Juni

Jua kutwa, wingu limekuja alasiri. Watu wanasema mwezi wa Ramadhani huenda ukaandama leo.

Nilikuwa juu ya paa nafunga nyasi nilipomwona mzungu akipanda kutoka mtoni peke yake. Bwana Latham. Viatu mkononi, suruali imekunjwa. Nilishuka. Hakuja kwangu. Alikwenda mpaka alipokaa Habuba na Mama Gathoni, kwenye jamvi mbele ya mlango, akasimama mbali kidogo.

"Hodi, mama."

"Karibu. Kaa."

Akaketi chini. Batul akaleta chai. Alieleza kwa Kiswahili chake kibovu kwamba amehamishiwa Nyasalandi, anaondoka wiki ijayo. Kisha akasema, "Barua ya kuwafukuza sikuandika mimi. Lakini niliiona, na sikuizuia."

Habuba akakubali kwa kichwa. Hakumwambia si kitu.

Wakanywa chai. Kikombe kilipokwisha akauliza kwa sauti ndogo kama anaweza kuitazama mara ya mwisho. Mama Gathoni akakaza midomo. Habuba akafikiri, kisha akauvua uzi wote kupitia kichwani, akafungua fundo kwa meno, akaitoa ile ndogo. Akamwekea kiganjani.

Hakuwa amewahi kumruhusu aiguse.

Bwana Latham hakutoa kioo. Aliitazama tu, mkono wazi, bila kuifumbata. Habuba akasema, "Huyo ni Bakhita. Alipenda maziwa ya mbuzi. Aliimba vibaya sana. Alikufa njiani kuja Uganda, mimi nikiwa na miaka minne. Kidole chake kimoja kilikuwa kimepinda."

Nilikuwa nimesimama nyuma yao na kamba mkononi. Miaka yote ishirini na mitano sikuwahi kumsikia akilitaja jina hilo.

Bwana Latham akasema, "Asante kwa kunijulisha." Akairudisha bila kuombwa. Habuba akaipitisha kwenye uzi, ya saba, akafunga, akavaa. Mzungu akainuka, akashika viatu vyake, akaanza kuteremka. Matone ya kwanza yakapiga mgomba.

"Nasir," Habuba akasema.

Nikadhani nimesikia vibaya.

"Nasir, mvua hiyo. Mpe mgeni mwavuli."

Nikaingia ndani kuutafuta, nikawa siuoni, ingawa ulikuwa mbele yangu.